Je, "shule" maana yake ni kupumzika?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ameniandikia hivi: "Mwanangu yuko darasa la sita. Juzi nilipomwamsha alfajiri akavuta shuka akaniambia, 'Mama, shule maana yake ni kupumzika, na mimi ndiyo napumzika.' Anasema kasikia redioni kwamba kwa Kigiriki ndivyo ilivyo. Nilicheka, ila maswali yakanibaki. Je, ni kweli? Neno lenyewe tumelitoa kwa Mwingereza? Kama ni kwake, mbona Wazanzibari ndio wanaosema skuli, inayofanana na ya Mwingereza, na sisi tunasema shule? Halafu nina mwanafunzi amehamia kutoka Pemba, kwenye insha anaandika 'skuli'. Nimkate maksi?"

Mwalimu, salaam.

Huyo mtoto usimgombeze, amesikia sawasawa. Alichokosea ni hesabu ya miaka tu: amechukua maana iliyokuwa na nguvu Athens kabla ya Kristo akajifunika nayo shuka leo asubuhi.

Tuanzie huko huko. Neno la Kigiriki ni skholē. Maana yake ya kwanza ni nafasi, ule muda ambao mtu hadaiwi kazi na yeyote. Wanaisimu wanaliunganisha na kitenzi ekhein, yaani kushika au kuwa na kitu, ambacho shina lake jingine ni skh-. Wazo lililomo ni la kujizuia: mtu ameushika mkono wake, jembe limesimama. Hapo Kiswahili kimepita njia nyingine kabisa, maana kupumzika kwetu kumetoka kwenye pumzi. Mgiriki anapumzika kwa kuzuia mkono, Mswahili kwa kuvuta pumzi.

Hilo shina skh- ukishalijua utakutana nalo usipotegemea. Ukienda Mwea au Mbarali utaona kibao cha "skimu ya umwagiliaji". Skimu tumeichukua kwa Mwingereza, naye kaitoa kwenye Kilatini, nacho Kilatini kwenye Kigiriki skhēma: umbo la kitu, jinsi kilivyojishika. Kwa hiyo shule na skimu ni watoto wa baba mmoja, ingawa mmoja ana chaki mkononi na mwingine ana matope miguuni.

Sasa angalia jambo ambalo redio huenda haikumwambia mwanao. Kwa Wagiriki, nafasi ndiyo iliyokuwa na jina lake, na kazi ndiyo iliyoitwa kwa kukanusha. Kazi, shughuli, mahangaiko ya siku, waliita askholia: hiyo a- ya mwanzo maana yake ni "bila". Bila nafasi. Sisi tukiombwa tuje mahali nasi tumebanwa husema "sina nafasi", na hapo tumesema askholia neno kwa neno. Warumi walifanya vilevile na maneno yao wenyewe. Nafasi ni otium, na kukosa nafasi ni negotium, ambalo Wahispania wamelirithi kwa sura ya negocio, na kwao leo maana yake ni biashara. Aristotle aliandika kwamba tunajishughulisha ili tupate nafasi, kama vile watu wanavyopigana vita ili wapate amani. Kwake nafasi ndiyo ilikuwa safari, na kazi ilikuwa nauli.

Na hiyo nafasi walifanyia nini? Walikaa, wakabishana, wakamsikiliza mtu mwenye maarifa. Polepole jina la muda likahamia kwenye kile kilichofanywa ndani ya muda huo: skholē ikawa mazungumzo ya kielimu, mhadhara. Kisha ikawa watu wanaomfuata mwalimu fulani. Kisha ikawa pahala penyewe wanapokutania. Usilione kuwa ajabu. "Baraza" yetu ilikuwa kibarazani mwa nyumba, mahali watu wanapokaa kuzungumza, sasa kuna Baraza la Mawaziri. Na neno limesafiri bila mtu kulipangia safari.

Hapa lazima niseme jambo moja, maana naona wengi wanaopenda kusimulia asili ya neno hili huliruka. Nafasi hiyo haikuwa ya kila mtu. Mwanamume huru wa Athens aliweza kukaa kivulini akajadili asili ya nyota kwa sababu watumwa walikuwa shambani na mgodini, na wanawake ndani wakifuma. Tena watoto wadogo wa Kigiriki waliokwenda kujifunza herufi hawakwenda skholē. Walipokwenda paliitwa didaskaleion, mahali pa kufundishwa, na huko fimbo ilikuwepo. Aliyewapeleka njiani alikuwa mtumwa wa nyumbani aliyeitwa paidagōgos, maana yake mwongoza mtoto. Huyu ndiye aliyekupa lile neno "pedagojia" ulilolisomea chuo cha ualimu. Mtu ambaye hakuwahi kuwa na dakika moja ya skholē ndiye aliyeacha jina lake kwenye somo zima la ufundishaji.

Ukitaka kuliona neno likiwa katikati ya safari yake, halijaacha maana ya zamani wala halijafika kwenye mpya, fungua Biblia. Katika Matendo ya Mitume 19:9 Paulo yuko Efeso, anahojiana na watu kila siku kwenye skholē ya mtu aitwaye Tirano. Ni mara moja tu neno hilo limetokea katika Agano Jipya lote. Waliotafsiri Biblia ya Muungano hawakuandika shule, waliandika "darasa ya mtu mmoja, jina lake Tirano", na nadhani walipima vizuri, kwani palikuwa ukumbi wa kufundishia watu wazima. Kisha nenda 1 Wakorintho 7:5, pale mume na mke wanapoambiwa wasinyimane ila kwa kupatana, "ili mpate faragha kwa kusali". Kitenzi cha Kigiriki pale ni skholazein, kinachotokana na skholē hiyo hiyo: kuwa na nafasi, kujitenga na mengine. Wafasiri wakachagua faragha. Na faragha yenyewe kwa Kiarabu inatoka kwenye shina la utupu na nafasi, kabla Waswahili hatujaipeleka kwenye maana ya siri na upweke. Watu wawili wasiojuana, Mgiriki na Mwarabu, wamekutana kwenye mstari mmoja wa Kiswahili. Mimi mambo kama haya ndiyo yananifanya nisilale.

Warumi walilichukua neno likawa schola. Kwa watoto walikuwa na neno lao, ludus, ambalo maana yake nyingine ni mchezo, na ambalo lilitumika pia kwa kambi za kufundishia watu wa kupigana viwanjani. Kwa hiyo mwanao akitaka kisingizio cha Kilatini nacho kipo: shule ni mchezo. Usimwambie. Hatimaye schola ilishinda, ludus ikafa kwa maana ile, na hakuna lugha kubwa iliyozaliwa na Kilatini ambayo leo inaita shule kwa jina la mchezo.

Schola lilikuwa neno lenye tumbo kubwa. Lilibeba somo, wafuasi wa mwalimu, ukumbi wa chama cha mafundi, na baadaye hata vikosi vya walinzi wa mfalme wa Roma. Ile maana ya chama ilidumu Italia. Ukifika Venice ukaonyeshwa Scuola Grande di San Rocco, usitafute madawati. Ni jumba la chama cha kidini cha kusaidiana, na kuta zake zimejaa michoro ya mchoraji Tintoretto. Mjini humo humo Wayahudi, waliotengewa mtaa wao mwaka 1516, sinagogi zao nazo waliziita scola. Wayahudi wa Ulaya ya Kati, waliokuwa wakisema Kiyidi, lugha iliyokua kutoka Kijerumani, waliita sinagogi shul. Leo hii ukiwa New York ukamsikia Myahudi anasema anakwenda shul, anakwenda kusali. Lishike hilo neno shul, tutalirudia.

Kanisa ndilo lililoisambaza schola Ulaya nzima, kwa kuwa wasomi walikuwa mapadri na watawa, na lugha yao ya kazi ilikuwa Kilatini. Lakini kila taifa lilijikwaa kwenye kizingiti kimoja: hizo konsonanti mbili, s na k, zinazogandana mwanzoni. Kwangu hapo ndipo penye utamu wa hadithi hii, kwa sababu unaweza kuijua tabia ya lugha kwa jinsi ilivyoruka kizingiti hicho.

Wahispania walitanguliza irabu ili ulimi upate pa kukanyagia, wakapata escuela; Wareno escola. Wafaransa nao walianza na escole, kisha s ikachoka ikaanguka, ikabaki école, na ile alama juu ya e ni kama kovu pale s ilipong'oka. Wahungaria wakaweka i: iskola. Watu wa Wales wana ysgol, na kwa bahati mbaya neno la Kilatini la ngazi, scala, nalo lilipofika kwao likageuka kuwa ysgol. Kwa hiyo mtoto wa Wales anakwenda ysgol, na fundi wa paa anapanda ysgol. Wafini hawataki kabisa msongamano wa konsonanti mwanzoni mwa neno. Walitupa s ya mwanzo, wakaishi na koulu. Wapolandi wana szkoła, Warusi shkola, Waswidi skola, Waalbania shkollë. Wagiriki wenyewe leo wanaita shule skholeio, lakini ile maana ya kale haijazimika kwao: Mgiriki akitoka kazini jioni anasema skholasa. Yaani nimemaliza, niko huru. Ni kitenzi kile kile cha Wakorintho.

Wapo waliokataa kukopa. Walithuania wana mokykla, kutoka kwenye kitenzi chao cha kufundisha. Na Waturuki walifanya ujanja mzuri. Zamani walisema mektep, kutoka Kiarabu. Walipokuwa wakisafisha lugha yao katika miaka ya 1930 walitaka neno la Kituruki halisi, wakachukua shina oku-, "soma", wakaunda okul. Ukilitamka utasikia mwangwi wa Kifaransa école ndani yake, na wanaisimu wengi wanaona kwamba kufanana huko hakukuwa kwa bahati.

Kabla sijasahau, kuna mtego mmoja. Kundi la samaki kwa Kiingereza nalo linaitwa school, na utakutana na watu watakaokuambia kwamba ni kwa sababu samaki wanafuatana kama wanafunzi mstarini. Si kweli. Hilo ni neno jingine kabisa, la Kiholanzi, lenye maana ya kundi, na halina undugu wowote na Ugiriki. Yamefanana sura tu, kama ysgol mbili za Wales.

Sasa tuje kwetu, na kwa swali lako la pili. Hapana, shule hatukuitoa kwa Mwingereza. Tuliitoa kwa Mjerumani, na huhitaji nyaraka kulithibitisha hilo, sikio linatosha.

Kijerumani cha zamani kilisema scuola. Kisha sauti sk katika lugha hiyo ikalainika ikawa sh kila mahali, samaki aliyekuwa fisk akawa Fisch, na scuola ikaishia kuwa Schule. Kiingereza nacho kililainisha hivyo hivyo, ndiyo maana wanasema fish, lakini neno la shule lilibaki na sk yake kwa sababu Kilatini cha makasisi kiliendelea kulishikilia. Sasa pima: Waswahili tunapochukua neno la Kiingereza lenye sk, tunafanya nini? Tunaiacha ilivyo. Sketi. Skauti. Skrubu. Skafu. Hakuna aliyewahi kusema "sheti" wala "shauti". Kisha tazama mwisho wa neno. Neno la Kiingereza likiishia na l tunaliongezea i: hoteli, reli, baiskeli, petroli. Kwa kanuni hizo mbili, school ya Mwingereza haikuwa na budi kuwa skuli, na ndivyo ilivyokuwa kwa waliolipokea kutoka kwake. Shule, yenye sh mwanzoni na e mwishoni, ni Schule ya Mjerumani ambayo haikuhitaji hata kunyolewa. Na lile shul la Kiyidi nililokuomba ulishike? Ni ndugu wa damu wa shule yetu, wote wawili wametoka nyumba ya Kijerumani, mmoja akaenda kusali na mwingine akaja Tanga.

Nasema Tanga kwa makusudi. Wajerumani walipoanza kutawala, walihitaji makarani, wakalimani, watoza kodi, maakida wanaojua kusoma barua. Shule ya serikali ya Tanga ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, na iliendeshwa kwa Kiswahili, bila dini. Pwani palikuwa tayari na elimu yake, tena ya zamani. Mtoto alitiwa chuoni, akakaa kwenye jamvi mbele ya mwalimu, akafundishwa alifu-bee hadi kuhitimu msahafu. Chuo zamani kilikuwa ni kitabu chenyewe, na chuoni ndipo kitabu kinaposomwa. Mwenye elimu tunamwita mwanachuoni mpaka leo. Kilichokuja na Mjerumani kilikuwa kitu kingine. Herufi za Kirumi badala ya za Kiarabu, dawati badala ya jamvi, hesabu za ushuru, na mwisho wa yote mshahara wa serikali. Kwa maoni yangu ndiyo maana neno geni lilipata mahali pa kukaa. Chuo kilikuwa na mwenyewe, na hiki kipya kilihitaji jina lake. Baadaye sana ndipo chuo kilipopandishwa cheo, kikawa cha ualimu, cha ufundi, na hatimaye chuo kikuu.

Mjerumani alikaa miaka kama thelathini, akaondoka na vita vya kwanza vya dunia. Mwingereza akaishika Tanganyika mpaka 1961, muda mrefu kuliko yeye, na shule haikutikisika. Nayo hela ilibaki vilevile. Heller ilikuwa sarafu ndogo ya Kijerumani iliyoanza kutumika huku mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Sarafu imekufa, jina lake limepanuka likawa fedha zote. Mjerumani hakutuachia maneno mengi, lakini alituachia shule na hela, na mzazi yeyote anajua mwezi wa kwanza mambo hayo mawili yanavyofuatana.

Mreno hapa namkumbuka kwa mshangao. Alikuwepo pwani yetu kwa karibu miaka mia mbili, akajenga Fort Jesus kuanzia 1593, akatuachia meza, leso na bendera. Escola yake hatukuichukua. Wamalei waliichukua, ndiyo sekolah yao. Sisi tulichukua igreja, yaani kanisa, tukalifanya gereza. Nani alaumiwe hapo sijui, ila neno halisemi uongo juu ya kile watu walichokiona.

Sasa Zanzibar. Mwaka 1890 Ujerumani na Uingereza waligawana: Mjerumani akaacha madai yake ya Zanzibar, akapewa kisiwa kidogo cha Heligoland kilichoko kwenye bahari ya kwao, na Unguja na Pemba zikawa chini ya himaya ya Mwingereza. Mkataba ule ulitiwa saini Berlin na watu ambao hawakuwa na habari na ulimi wa mtu yeyote wa Makunduchi, lakini mpaka walioupiga umebaki mdomoni mwetu. Ukipanda boti Dar es Salaam umeacha nyuma Shule ya Msingi. Ukishuka Unguja umeingia kwenye Skuli ya Lumumba na Skuli ya Haile Selassie. Mafia, kisiwa cha Waswahili kama Unguja, kiliangukia kwa Mjerumani. Mafia wanasema shule.

Ramani hiyo inaendelea bara. Rwanda na Burundi zilikuwa ndani ya himaya ya Mjerumani, na ingawa Mbelgiji alikuja baadaye na Kifaransa chake, Mnyarwanda bado anasema ishuri na Mrundi ishure. Vuka mpaka uingie Kongo, ambako Mjerumani hakutawala, na Kiswahili cha Lubumbashi kitakuambia mtoto ameenda "ku masomo". Wangazija wa Komoro walimpokea Mfaransa, wakaichukua école pamoja na ile l' inayoitangulia, wakapata likoli. Waganda wana essomero, mahali pa kusoma, hawakumkopa mtu. Wakikuyu waliisikia ya Mwingereza, wakaiweka katika sauti zao ikawa cukuru, na mimi kila nikilisikia naona kama mtu anashukuru.

Utaniuliza, na Kenya je? Huko Mjerumani hakutawala, mbona vitabu vyao vinasema shule? Ukienda Mombasa utaisikia skuli pia vinywani mwa watu. Lakini Kiswahili cha vitabu kilipangwa pamoja kwa ajili ya nchi zote za himaya ya Mwingereza huku kwetu: mkutano wa Dar es Salaam wa 1925, kisha Kamati ya Lugha iliyoanza kazi 1930. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Na bado, kwenye neno hili moja, Kiunguja kilipitwa na neno la bara. Shule ndiyo iliyozoeleka vitabuni, na vitabu vikaenda Nairobi. Kwa hiyo Wazanzibari wakikucheka kwamba wao ndio wenye Kiswahili, wewe nawe una haki ya kuwakumbusha kwamba wote mmekopa, tofauti ni duka.

Nakuachia kitu kimoja cha kwenda kuwaonyesha wanafunzi wako siku ya somo la ngeli, maana hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kule kusini mwa Afrika, Waingereza na Makaburu walipeleka school na skool zao kwa wasemaji wa lugha za Kibantu. Nao wakakutana na kile kizingiti cha sk. Unajua walikirukaje? Hawakukiruka. Walikitazama wakaona kiambishi cha ngeli. Mtswana alisikia s pale mwanzoni, akaijua: hii ni se- yetu, sawa na ki- ya Kiswahili. Akapata sekolo, na wingi wake dikolo. Mzulu ana isikole, nyingi ni izikole. Mshona ana chikoro, nyingi zvikoro. Ile s ambayo Mfini aliitupa na Mfaransa aliichosha mpaka ikadondoka, Mbantu aliipa kazi ya umoja na wingi. Sisi tulifanya mchezo huo huo kwa kitabu: Mwarabu alitupa ki- isiyokuwa kiambishi, tukaiona ya kwetu, tukazaa vitabu. Andika ubaoni isikole na izikole, kitabu na vitabu, kisha waulize watoto ni nini kimetokea. Watalijibu bila kusaidiwa.

Kuhusu huyo wa Pemba: usimkate. Skuli ni Kiswahili sahihi, kamusi zinalo, na serikali nzima ya visiwani inaliandika kwenye vibao. Mwambie tu ndani ya insha moja achague moja asichanganye. Akiandika "mashule yote yalifungwa", hapo chukua kalamu nyekundu, mwandikie "shule zote zilifungwa". Ingawa nakuonya: hilo la mashule atakuwa amelipata kwa wenzake wa huku bara.

Na mwanao akirudia tena ile ya kupumzika, mwambie yuko sahihi, na kwamba Mgiriki wa leo kitenzi hicho anakisema saa za kutoka. Saa za kuingia hakisemi. Kisha vuta shuka.